Vumbi kwenye Paneli za Sola

Vumbi likitanda juu ya paneli ya sola huzuia mwanga kufikia seli, na umeme hupungua. Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka Mirihi: chombo InSight cha NASA, kilichotua 2018, kilianza na takriban wati-saa 5,000 kwa siku ya sayari hiyo, kufikia Mei 2022 zilibaki kama 500, na Desemba kikanyamaza. Wapo wanaosema duniani mvua inatosha kuosha. Mvua kubwa husaidia kweli, lakini manyunyu na umande hugandisha vumbi kwenye ukingo wa chini, na kwa kuwa seli huungwa kwa mfululizo, safu hiyo moja chafu hudhoofisha na zilizo safi. Kiangazi, paneli zioshwe alfajiri, kioo kikiwa bado baridi, kwa maji safi na kitambaa laini.