Redio ya gari imekataa flashi? Lawama zinaanzia 1977

Juzi mjomba alinipigia simu akiwa kwa fundi wa redio za magari. Alikuwa amenunua flashi mpya ya GB 64, akaijaza rumba na nyimbo za injili, akaichomeka garini, na redio ikamjibu "NO FILE". Fundi alishamwambia redio imeungua, anunue nyingine.

Gari lake lilitoka Japani. FM ya huko ilianzia 76 ikaishia 90 MHz, yetu inafika 108, kwa hivyo stesheni nyingi za Kenya redio hiyo haizishiki kamwe. Bila flashi, mjomba husafiri kimya.

Nikamwambia, "Mjomba, usitoe pesa kwanza." Redio ilikuwa nzima na flashi ilikuwa nzima. Shida ni kwamba hazikuelewana lugha, na jambo hili lina historia.

Ili kifaa kijue wimbo upi umehifadhiwa wapi, flashi huhitaji mpangilio, kama daftari la mwenye duka linaloonyesha kila bidhaa iko rafu gani. Mwaka 1977 Marc McDonald wa Microsoft aliandika mpangilio mmoja rahisi kwa ajili ya disketi. Unaitwa FAT. Mwaka 1980 Tim Paterson aliutumia wazo lake katika 86-DOS, Microsoft wakainunua programu hiyo, na 1981 ikauzwa pamoja na IBM PC kwa jina PC DOS. FAT ikaenea nayo.

Diski zilipokua, FAT nayo ikapanuliwa hadi FAT32, iliyotoka Agosti 1996. Microsoft walikuwa tayari na mpangilio wenye nguvu zaidi, NTFS, tangu 1993, lakini huo ni mzito kwa kifaa kidogo.

Flashi zilianza kuuzwa mwaka 2000. Trek ya Singapore ilileta ThumbDrive, na IBM ikauza ile ya M-Systems ya Israeli, iliyobeba MB 8 tu! Flashi lazima isomeke kila mahali, kwa hivyo zikatumia FAT. Watengenezaji wa redio za magari wakafuata njia hiyo hiyo: chipu ndogo, kumbukumbu ndogo, mpangilio rahisi kusoma. Na redio ikishafungwa kwenye gari, ni nadra mtu kuibadilishia programu. Lugha iliyozaliwa nayo ndiyo itakayozeeka nayo.

Mwaka 2006 Microsoft walitoa exFAT, inayobeba faili kubwa kuliko GB 4, kikomo cha FAT32. Lakini maelezo yake kamili hawakuyafungua kwa umma hadi 2019. Redio nyingi zilizotengenezwa kabla ya hapo hazikuwahi kuifahamu, ilhali flashi nyingi kubwa za leo hutoka dukani zikiwa na exFAT.

Haya, kwa nini watu wasizifomati tu kwa FAT32? Hapa ndipo penye kichekesho. FAT32 yenyewe inaweza kufika TB 2, lakini dirisha la kufomati la Windows lilikataa kuitumia kwenye flashi inayozidi GB 32. Dave Plummer, mhandisi mstaafu wa Microsoft, amesimulia hadharani kwamba yeye ndiye aliyeandika dirisha hilo miaka ya 1990, na namba hiyo aliichagua mwenyewe bila kujua ingedumu miaka yote hiyo. Ilipofika 2024 ndipo Microsoft walianza kujaribu kuiondoa, tena kwenye amri ya kuandika.

Kwa hivyo kabla hujanunua redio:

1. Hamisha nyimbo zako kwenye kompyuta kwanza. Kufomati kunafuta kila kitu.
2. Flashi ya GB 32 au chini yake, ifomati kwa FAT32. Ikiwa kubwa zaidi, tumia programu nyingine ya kufomati, au tafuta flashi ndogo.
3. Weka MP3. Kubadilisha jina la faili kutoka M4A kuwa MP3 hakubadilishi kilicho ndani.
4. Nyimbo zikicheza shaghalabaghala, ujue FAT huorodhesha faili kwa jinsi zilivyoingia, si kwa alfabeti, na redio nyingi hufuata orodha hiyo. Zinakili upya moja baada ya nyingine kwa mpangilio unaoutaka.

Flashi ya mjomba ilikuwa na exFAT. Niliifomati upya kwa FAT32, nikamrudishia nyimbo zake, akaichomeka. Redio ikaimba. Akaniuliza, "Sasa mpwa wangu, pesa zote zile nilikuwa nampa fundi za nini?"

Sikuwa na jibu. Ila mtu mwingine akiambiwa redio imeungua, ajaribu kwanza na flashi ndogo ya FAT32. Tuonane tena.