Lupa na kontrola ya MIDI jukwaani: Dzaleka na Lilongwe

Lupa ni kifaa kinachonasa kipande kifupi cha sauti wakati onyesho likiendelea, kisha kukirudia mfululizo ili mpigaji aongeze sauti nyingine juu yake. Kontrola ya MIDI, iwe kinanda, vibonye au pedali, haitoi sauti. Hupeleka maagizo kwa kompyuta au sintesaiza: noti ipi, kwa nguvu gani kati ya 0 na 127. Lugha hiyo ya vyombo ilikubaliwa na watengenezaji wa Marekani na Japani mwaka 1983, na hadi leo vifaa vipya na vya zamani vinaelewana.

Umuhimu wa lupa unaonekana wazi Dzaleka, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, Malawi, kilomita 40 na ushee kutoka Lilongwe, mahali palipokuwa na gereza enzi za utawala wa Kamuzu Banda. Humo Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda hukutana katika Kiswahili, na tangu mwaka 2014 kuna Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa na mshairi na msanii wa hip-hop kutoka Kongo, Menes la Plume. Bendi ya wakimbizi inaweza kumpoteza mpiga besi siku anapopata nafasi ya kuhamia nchi ya tatu. Anayebaki na gitaa moja ana haja ya kweli na lupa.

Sebene, sehemu ya kuchezea dansi katika nyimbo za Kikongo, inakubali kifaa hiki vizuri, kwa kuwa imejengwa juu ya magitaa yanayojibizana: rizimu hushikilia mzunguko, solo huchezea juu yake. Mpigaji hukanyaga pedali, hupiga rizimu, hukanyaga tena, kisha hubaki huru kwa solo. Mkanyago huo wa pili ndio unaopima urefu wa mzunguko. Ukichelewa hata kidogo, pengo litasikika kila duru mpaka wimbo uishe. Pedali ndogo pia huchanganya tabaka zote pamoja, hivyo gitaa lililorekodiwa kwa sauti kubwa mno haliwezi kupunguzwa peke yake. Lupa ya Boss RC-505, ya mwaka 2013, iliondoa tatizo hilo kwa kutenganisha njia tano.

Saa ya MIDI hutuma mipigo 24 kwa kila noti ya robo, ikizifungamanisha lupa na mashine ya ngoma. Kwa ngoma za Burundi saa hiyo ni kikwazo. Inkiranya, ngoma ya katikati, ndiyo inayoongoza zile nyingine, na saa ya mashine haiisikii. Ni afadhali kuizima na kuiacha lupa ifuate mikono ya wapigaji.

Lilongwe ina mfano bora wa mrudio usiohitaji umeme: Madalitso Band, yaani Yosefe Kalekeni mwenye gitaa na ngoma ya mguu, na Yobu Maligwa mwenye babatoni, besi ya waya mmoja. Waliojifunza muziki kwa kusikiliza watu kama hao huingia kwenye lupa wakiwa na mapigo thabiti tayari.

Umeme wenyewe ni suala kubwa. Kimbunga Ana kilipoharibu kituo cha umeme cha Kapichira Januari 2022, Malawi ilipoteza karibu megawati 130. Umeme ukikatika, mzunguko ambao haujahifadhiwa hufutika. Pedali nyingi hutumia volti 9, kwa hiyo betri ndogo inatosha kuziendesha. Kompyuta na spika ndizo zinazodai jenereta.