Mazingira ya Nyalenda na nguvu za mwanavoliboli wa chuo

MASHABIKI wengi wa michezo nchini huamini kwamba mwanaspoti hodari hulelewa milimani. Kauli hiyo ina ukweli kwa wanariadha wa mbio ndefu wanaojinoa Iten, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi. Lakini kwa mwanavoliboli wa chuo anayepanga chumba mtaani Nyalenda, jijini Kisumu, mwinuko si hoja kuu.

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa hupungua kwa takriban asilimia 13 pekee, kiasi kisichoulazimisha mwili kuongeza damu kama ufanyavyo milimani. Isitoshe, mpira mmoja wa voliboli aghalabu huchezwa kwa sekunde chache, kisha wachezaji hupumua. Nguvu za kuruka hutoka katika akiba iliyomo ndani ya misuli yenyewe. Anayepiga mpira juu ya wavu wa mita 2.43 kwa wanaume, au mita 2.24 kwa wanawake, huhitaji miguu yenye mruko kuliko pumzi ndefu.

Ardhi ndiyo yenye uzito zaidi. Nyalenda imekaa kwenye tambarare iliyo karibu na ziwa, na Mto Auji hupita humo. Udongo wake mweusi hunata na kuteleza wakati wa mvua, ukahatarisha vifundo vya miguu. Kiangazi hukauka na kupasuka, na kila anayetua hupokea kishindo magotini. Mchanga mkavu hupunguza kishindo hicho, ingawa kukimbia juu yake hula nishati mara moja na nusu hivi kuliko kwenye ardhi ngumu, nao mruko hupungua.

Jambo la pili ni joto, ambalo alasiri huweza kufikia nyuzi 30. Mchezaji wa kilo 70 akipoteza lita 1.4 za jasho bila kunywa maji, sawa na asilimia 2 ya uzito wake, uwezo wake huanza kushuka.

La tatu, na zito kuliko yote, ni malaria. Eneo la ziwa ni miongoni mwa yale yanayoathiriwa zaidi nchini. Vimelea vyake hupasua chembechembe nyekundu za damu, na mgonjwa huweza kubaki na upungufu wa damu kwa majuma kadhaa baada ya homa kutoweka. Mazoezi ya miezi huenda na maji.

Dawa ya hayo si kuhamia milimani. Ni uwanja uliosawazishwa na wenye mitaro, mazoezi ya asubuhi mapema, maji safi ya kunywa na chandarua chenye dawa kitandani. Kadhalika, kabla ya kocha kumwita mchezaji mvivu na kumwondoa kikosini, yafaa kwanza damu yake ipimwe.