Nukta Viungoni

Novemba 20, 2022, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia haijafika hata dakika ya tano, Enner Valencia wa Ecuador akawafunga wenyeji Qatar kwa kichwa. Bao likakataliwa: kuna mwenzake alikuwa ameotea. Ushahidi ulioonyeshwa ulikuwa wa vikaragosi visivyo na sura, na mguu uliozidi kidogo tu. Kamera 12 chini ya paa la uwanja zilikuwa zikimsoma kila mchezaji kama nukta 29, mara 50 kwa sekunde.

Kumgeuza mtu kuwa nukta si ubunifu wa kompyuta. Wengi humtaja mpiga picha Muybridge na picha zake za farasi za mwaka 1878, lakini kwangu mimi mwenye deni letu ni Étienne-Jules Marey wa Paris. Huyu alisomea udaktari, akatekwa na mwendo wa viumbe. Alikuwa akipiga picha nyingi za mtu mmoja juu ya kioo kimoja, na miili ikawa inapandana hadi haisomeki. Basi miaka ya 1880 akamvika mtu nguo nyeusi gubigubi, akamtia mikanda myeupe mikononi na miguuni, akampitisha mbele ya ukuta mweusi. Mtu akatoweka, ikabaki mistari inayotembea.

Mwaka 1973 Gunnar Johansson wa Uppsala, Sweden, alithibitisha kwamba hata mistari haihitajiki. Nukta chache za mwanga viungoni, gizani: zikitulia hazina maana, zikianza kusogea, mtazamaji anamwona mtu papo hapo.

Kompyuta haina jicho hilo. Kwa miaka mingi ilibidi watu wabandikwe alama zinazong'aa ndipo iwafuate. Kifaa cha Kinect cha Microsoft, mwaka 2010, kiliziondoa alama hizo kwa kamera inayopima umbali. Lakini kwa kamera ya kawaida, penye watu waliosongamana, swali gumu lilibaki: kiwiko hiki ni cha nani? Mwaka 2017 watafiti wa Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha njia iliyozaa programu ya OpenPose. Mbali na kutafuta viungo, iliifundisha kompyuta kubashiri mwelekeo wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, na hivyo kumrudishia kila mtu kiungo chake. Mkanda wa Marey ulikuwa umerudi, bila nguo nyeusi.

Valencia, kwa upande wake, alifunga mengine mawili kabla ya mapumziko. Ecuador ikashinda 2-0.