Makerere au Dar es Salaam? Historia ya Swali Linalowasumbua Wanafunzi Wetu

Utangulizi

Kila mwaka, matokeo ya shahada ya kwanza yanapotoka, wanafunzi wetu hutujia na swali lilelile: "Mwalimu, niende Dar es Salaam au nibaki Makerere?" Wengine huwa wamekwisha kuchagua, na wanachotafuta kwetu ni baraka tu. Wengine wamegawanyika. Mzazi anataka Makerere kwa sababu ndilo jina alilolisikia tangu utotoni, na rafiki aliyetangulia anausifu Mlimani. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiwajibu mmoja mmoja, mara nyingi tukiwa tumesimama mlangoni na vitabu mkononi, tukikimbilia kipindi. Jibu la namna hiyo halitoshi, kwa sababu anayeuliza anapanga miaka yake, na fedha zinazotumika aghalabu ni za ukoo mzima.

Katika makala haya tumeona tujibu kwa njia ya historia. Swali hili halikuanza na wanafunzi wetu. Limeulizwa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka sitini, na kila kizazi kimelijibu kwa sababu zake. Tukizijua sababu hizo, tutaona kwamba majina makubwa ya vyuo hivi viwili yana asili yake, na kwamba lugha tunayoifundisha imo ndani ya historia hiyo.

Wakati ambapo hapakuwa na chaguo

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 14, nao walijifunza useremala, ujenzi na umekanika. Shule ilikua, mafunzo ya udaktari na ualimu yakaongezwa, na mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London. Kwa kipindi chote hicho, kijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika au Zanzibar aliyetaka elimu ya juu bila kuvuka bahari alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha.

Ndiyo maana orodha ya waliopita Makerere inafanana na orodha ya viongozi wa eneo zima. Julius Nyerere alisoma ualimu pale kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, kabla ya kwenda Edinburgh. Mwai Kibaki alisoma uchumi. Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza na kumaliza mwaka 1962. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia mwaka 1959. Hatusemi kwamba jina la Makerere halikustahili. Walimu walikuwa hodari na mitihani ilikuwa migumu. Hata hivyo, msomaji akumbuke kwamba chuo kikiwa peke yake, werevu wote huenda huko, na sifa zao wote hubaki huko. Jina la Makerere lilijengwa na ubora wake na pia na upweke wake.

Mlango wa pili wafunguliwa

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam. Kilianzia katika jengo la TANU katika mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wachache sana. Mwaka 1964 kilihamia katika kilima ambacho leo kila mtu anakiita Mlimani. Kabla ya hapo, mwezi Juni 1963, vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Nyerere akiwa Mkuu wake.

Utaratibu wa chuo hicho unafaa kukumbukwa leo. Masomo ya gharama kubwa yaligawanywa. Udaktari na kilimo vilikuwa Makerere, uhandisi ulikuwa Nairobi, na sheria ilikuwa Dar es Salaam. Kwa hiyo Mganda aliyetaka kuwa wakili alipanda gari kwenda pwani, na Mtanganyika aliyetaka kuwa daktari alikuja Kampala. Benjamin Odoki, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Uganda kuanzia 2001 hadi 2013, na Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, wote wawili walisomea sheria Dar es Salaam. Kijana wa miaka ile aliulizwa kwanza anataka kusoma nini. Jibu lake ndilo lililomwonyesha chuo.

Muda si mrefu, sababu nyingine ikajitokeza, nayo ni siasa. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika na ya vyama vya wapigania uhuru kama FRELIMO. Mwaka 1967 likatoka Azimio la Arusha. Mlimani alikuwapo mwanahistoria kutoka Guyana, Walter Rodney. Wapo vijana wa Uganda waliochagua Dar es Salaam kwa sababu ya hali hiyo, na anayejulikana zaidi ni Yoweri Museveni, aliyesoma pale kuanzia 1967 hadi 1970 na kuongoza kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi.

Hata hivyo tusiipambe historia. Mwezi Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, zaidi ya 300 walifukuzwa chuoni na kurudishwa makwao. Wazazi wao walikuwa wamejinyima ili wafike pale. Chuo chenye sifa ya mijadala motomoto nacho kilikuwa na mipaka yake, na aliyeivuka aliiona.

Kiswahili kilipoishi Kampala, na kilipohama

Sasa tuje kwenye lugha yetu. Wanafunzi wengi hushangaa tukiwaambia kwamba makao ya usanifishaji wa Kiswahili yaliwahi kuwa Makerere. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusimamia Kiswahili katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilianzia Dar es Salaam, ikahamia Nairobi mwaka 1942, kisha ikaja Makerere mwaka 1952. Ilikaa Kampala kwa takriban miaka kumi, ikafanya utafiti na kuchapisha jarida lake.

Kinachosikitisha ni kwamba mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1950 Kiswahili kiliondolewa katika lugha zilizotambuliwa kwa kufundishia katika shule za Uganda. Upinzani dhidi yake, hasa kutoka Buganda, ulikuwa umeanza tangu miaka ya 1920. Kwa hiyo kamati ilisanifisha lugha juu ya kilima, na shule zilizo chini ya kilima hazikuitumia. Mapema miaka ya 1960 kamati iliondoka Makerere, ikapita Mombasa, na mwaka 1964 kazi yake ikachukuliwa na taasisi mpya ya uchunguzi wa Kiswahili huko Dar es Salaam.

Tukio jingine la mwaka 1962 linafaa kutajwa. Mwezi Juni, Makerere iliandaa mkutano mashuhuri wa waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza. Ngũgĩ alikuwa bado mwanafunzi, naye alialikwa kwa sababu ya hadithi fupi chache alizokuwa amechapisha. Miaka mingi baadaye, mwaka 1986, aliandika kwamba Shaaban Robert, mshairi mkubwa wa Afrika Mashariki wakati ule, hakuwa na sifa ya kualikwa kwa kuwa alitunga kwa Kiswahili. Shaaban Robert alifariki dunia mwezi huohuo wa Juni 1962. Kila tunapolisimulia jambo hili darasani, kimya huingia.

Baada ya mwaka 1970

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjika, na kila nchi ikabaki na chake. Mwaka huohuo taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Idara ya Kiswahili ikaanzishwa, ikifundisha Kiswahili kwa Kiswahili. Matunda yalionekana. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na istilahi za isimu na fasihi ambazo leo tunazitumia bila kufikiri zilitungwa au kukomazwa huko. Mwaka 2009 taasisi hiyo, iliyojulikana kwa muda mrefu kama TUKI, iliunganishwa na idara na kuwa TATAKI.

Upande wetu mambo yalikuwa tofauti. Idi Amin alichukua madaraka mwaka 1971. Mwaka 1972 Makamu Mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, alikamatwa na hakuonekana tena. Walimu wengi walikimbia, na baadhi yao walipokewa Dar es Salaam. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa mwananchi wa kawaida, lugha hiyo ilisikika zaidi kwa askari penye kizuizi cha barabarani. Tangazo lilikuwepo, lakini walimu, vitabu na mapenzi ya watu havikuwepo. Hofu iliyozaliwa wakati ule imerithiwa na wajukuu ambao hawakumwona Amin.

Sisi tulipovuka mpaka kwenda kusoma shahada ya uzamili, tulikuwa tunakijua Kiswahili cha vitabu. Siku ya kwanza dukani tulisema, "Nataka sabuni." Muuzaji, mama wa makamo, alitabasamu akatuambia, "Sema naomba, mwanangu." Tulijifunza mengi kwa namna hiyo, katika daladala na kwenye foleni ya chakula, na hakuna mtaala ambao ungetufundisha hayo. Hata hivyo tasnifu yetu ilihusu ushairi wa pwani. Tuliporudi na kupewa darasa la wanafunzi ambao nyanya zao waliwauliza kwa nini wanasoma lugha ya askari, hatukuwa na jibu. Ilitubidi tuanze kujifunza upya kazi ya kumfundisha Kiswahili mtu anayekiogopa, na miaka kadhaa ilipita kabla hatujaimudu. Wenzetu waliobaki nyumbani walikuwa wamekwisha kuianza kazi hiyo, ingawa baadhi yao walitukiri kwamba walisitasita wakizungumza na wageni kutoka pwani.

Tunawashauri nini wanafunzi?

Kutokana na historia hii, tunapendekeza mwanafunzi ajiulize maswali matatu kabla ya kutaja jina la chuo.

Kwanza, nina upungufu gani? Kama bado unatafuta maneno unapozungumza, nenda mahali ambapo lugha inaishi mitaani. Miaka miwili Dar es Salaam itakupa ufasaha ambao ni vigumu kuupata katika maktaba ya Kampala. Kama ulimi wako umekwisha kukomaa, faida hiyo inapungua, na gharama ya safari inabaki palepale.

Pili, nitamfundisha nani? Katiba yetu, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikiingiza miongoni mwa masomo ya lazima katika madarasa ya mwanzo, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu wanahitajika, na wanahitajika hapa. Anayetaka kutafiti namna Mganda anavyojifunza Kiswahili, data zake ziko Masaka, Gulu na Mbale. Huyo tunamshauri abaki, na wala asione haya kwamba hakwenda mbali.

Tatu, nani atanisimamia? Chuo kinaweza kuwa na jina kubwa, na msimamizi wa mada yako akawa amestaafu au ana wanafunzi wengi kupita kiasi. Uliza kabla ya kulipa ada.

Tunaongeza kwamba si lazima mtu achague kimoja na kukipa kisogo kingine. Waliosoma miaka ya 1960 walikuwa na chuo kimoja chenye vilima vitatu, na kuvuka mpaka kwao lilikuwa jambo la kawaida. Mwanafunzi aliyeandikishwa Makerere anaweza kupanga miezi ya utafiti pwani, na aliye Dar es Salaam anaweza kuja kukusanya data nyumbani. Sisi tungefanya hivyo kama kuna mtu angetushauri.

Hitimisho

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa heshima zote, tunaona mkulima anaruhusiwa kuchagua jembe, mradi ameliangalia shamba lake kwanza. Makerere ilikuwa na Kiswahili ikakiacha kiende. Dar es Salaam ilikipokea na kukilea. Kazi iliyobaki ni kukirudisha katika madarasa ya Uganda kikiwa lugha ya kuzungumzia mambo ya kila siku, bila hofu, na itafanywa na nyinyi mtakaohitimu miaka hii, popote mtakaposoma.

Basi kwa wale wanaokusudia kuomba nafasi za uzamili, tunawaomba waandike majibu ya maswali hayo matatu katika karatasi moja kabla ya kuja ofisini. Tutayasoma pamoja, tukiwa tumekaa.