Vita vya uhariri

Vita vya uhariri (nomino, ngeli ya KI-VI, hutumika katika wingi tu). Hali ambapo wahariri wawili au zaidi wa kamusi elezo ya mtandaoni, au wa maandishi mengine yaliyo wazi kwa umma, hutenguliana mabadiliko tena na tena katika ukurasa mmoja badala ya kutafuta mwafaka kwa majadiliano. Mfano: Ukurasa ulifungwa kwa siku tatu baada ya vita vya uhariri kuzuka kuhusu jina la mji. Upatanisho wake ni wa vi-: vita hivi, vilizuka, vimekoma. "Vita hii" husikika sana katika mazungumzo na hata katika taarifa za habari, lakini haifai katika maandishi sanifu.

Istilahi hii imeenea kutokana na Wikipedia, kamusi elezo iliyofunguliwa tarehe 15 Januari 2001 na ambayo kurasa zake huandikwa na watu wanaojitolea. Neno mhariri katika muktadha huo linahitaji tahadhari. Katika gazeti au shirika la uchapishaji, mhariri ndiye mwenye kauli ya mwisho: hupunguza, hukataa, huamuru. Katika kamusi elezo huru, kila anayebonyeza kitufe cha "Hariri" ni mhariri, na hakuna aliye juu ya mwenzake katika suala la nini kiandikwe. Hata wakabidhi, yaani wahariri waliopewa zana za kufunga kurasa na kuzuia akaunti, hawakupewa pamoja na zana hizo mamlaka ya kuamua kwamba mji uitwe hivi au vile. Mfasiri anayeandika "mhariri wa Wikipedia alikataa" bila maelezo zaidi humpa msomaji picha ya ofisi na mkubwa wake, vitu ambavyo havipo. "Mhariri wa kujitolea" au "mchangiaji" ni salama zaidi.

Kutengua, kufuta, kurudisha

Kitenzi cha msingi katika uwanja huu ni kutengua. Msomaji wa magazeti ya Tanzania anakijua kutokana na sentensi za aina ya "Rais ametengua uteuzi wa mkuu wa wilaya", na maana hiyo inafaa kabisa: jambo lililofanywa linaondolewa nguvu, lakini kumbukumbu kwamba lilifanywa inabaki. Kila ukurasa wa Wikipedia una historia inayohifadhi matoleo yake yaliyotangulia, saa ya kila badiliko na alama ya aliyelifanya. Kwa sababu hiyo kufuta halifai, kwa kuwa linadokeza kwamba maneno yametoweka. Kubatilisha nalo lina kasoro, kwani huleta sauti ya mahakama. Kurudisha hukubalika pale ambapo kinachotajwa ni toleo: Alitengua badiliko la mwenzake na kurudisha toleo la asubuhi.

Katika kauli ya kutendeana umbo sahihi ni kutenguliana, lenye kiambishi cha kutendea, wala si kutenguana. Wahariri hawatengui nafsi zao. Kila mmoja hutengua kazi ya mwenzake. Tofauti hii si ya kisarufi tu, kwa sababu wengi wa wanaoingia katika vita hivi huanza kuamini, baada ya tenguo la pili, kwamba wanaotenguliwa ni wao wenyewe.

Kosa liko wapi

Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni ya matenguo matatu, iliyoanza kusimamiwa kwa adhabu mwishoni mwa 2004: mhariri mmoja asitengue kazi za wengine zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Anayevuka mpaka huo anaweza kuzuiwa kuhariri kwa muda. Kanuni hii hueleweka vibaya mara nyingi. Haimpi mtu ruhusa ya matenguo matatu kwa siku. Anayetengua mara mbili kila siku kwa wiki nzima naye anapigana, na anaweza kuzuiwa vilevile. Zaidi ya hayo, kanuni haiulizi nani ana ukweli. Imetenga mambo machache, kama vile uharibifu wa wazi wa ukurasa na maneno ya kuwachafua watu walio hai yasiyo na chanzo, lakini hoja ya "mimi ndiye niliye sahihi" haimo kati yake.

Jambo hilo huwashangaza walimu na wanataaluma wanapoingia katika uhariri wa namna hii kwa mara ya kwanza. Mtu aliyesoma somo lake kwa miaka 20 anatenguliwa na asiyejulikana jina, anarudisha, anatenguliwa tena, anarudisha, na mwishowe anazuiwa yeye. Kwa mtazamo wake ni dhuluma. Kwa mtazamo wa kanuni, ujuzi wake ulipaswa kuonekana katika ukurasa wa Majadiliano, kwa chanzo na hoja, mahali ambapo wengine wangeweza kuupima na kumuunga mkono. Katika fasili ya vita vya uhariri, kwa hiyo, neno lenye uzito ni "tena na tena". Kutofautiana peke yake si vita.

Mji wenye majina mawili

Kisa kinachofundisha kuliko vingine ni cha mji wa Gdańsk, bandari ya Poland katika Bahari ya Baltiki, ambao kwa Kijerumani huitwa Danzig. Mji huo ulitwaliwa na shirika la mashujaa wa Kijerumani mwaka 1308, baadaye ukawa chini ya taji la Poland, kisha Prussia. Ukawa Mji Huru kati ya vita viwili vya dunia, na ukarudi Poland mwaka 1945. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walibadilishana majina hayo katika kurasa nyingi: za mji wenyewe, za wanasayansi waliozaliwa humo, za mapigano na mikataba. Kila upande ulikuwa na vitabu vyake, na kila upande uliona jina la mwenzake kuwa ni dai la ardhi.

Mwanzoni mwa 2005 jamii ya wahariri ilipiga kura, na matokeo yake yakagawa historia: Danzig itumike kwa kipindi cha kati ya 1308 na 1945, Gdańsk kabla na baada yake, na jina la pili litajwe mara ya kwanza mji unapotajwa. Hakuna upande uliopata ulichotaka. Kilichopatikana ni namna ya kuandika ambayo msomaji anaweza kuifuata, na hiyo ndiyo kazi ya kamusi elezo.

Waandishi wa Kiswahili hutumia mantiki iyo hiyo, mara nyingi bila kuitaja. Julius Nyerere alizaliwa Butiama, Tanganyika, mwaka 1922. Kuandika kwamba alizaliwa Tanzania ni kulitanguliza jina lililokuja baada ya Muungano wa 1964. Matukio ya miaka ya ukoloni katika Katanga yalitokea Élisabethville, mji ambao leo wasemaji wa Kiswahili cha Kongo wanauita Lubumbashi. Mwandishi makini hutaja yote mawili mara ya kwanza, kisha hushika jina la wakati anaousimulia.

Visa vingine huonekana vya kuchekesha. Wahariri wa Kiingereza walivutana kwa miaka, hadi 2011, kama ukurasa wa maziwa ya mgando uitwe "yoghurt" au "yogurt". Kati ya Desemba 2012 na Januari 2013 waliandika maneno zaidi ya 40,000 kuhusu herufi moja katika jina la filamu Star Trek Into Darkness: je, "Into" ianze kwa herufi kubwa au ndogo? Herufi kubwa ilishinda. Watumiaji wa kamusi, ambao wamewahi kuulizwa kama ni "muafaka" au "mwafaka", hawana sababu kubwa ya kucheka.

Maneno jirani

Kiswahili kina akiba nzuri ya maneno ya kutofautiana, na kuyachanganya hupotosha habari. Mjadala ni mazungumzo ya hoja kuhusu suala; hauna ubaya wowote, na ndio kamusi elezo inaoutaka. Mabishano yana ukaidi ndani yake: kila mtu ameshika lake. Malumbano, ambayo yana uhusiano na mlumbi, msemaji hodari, na ambayo katika ushairi wa Kiswahili ni majibizano ya beti kwa beti, yanafaa pale wahariri wanapojibizana kwa ufasaha mbele ya hadhira, jambo ambalo si nadra. Ugomvi umehamia kwa watu wenyewe na kuacha suala. Mgogoro ni hali iliyodumu na inayohitaji mtu wa tatu. Vita vya uhariri si daraja la juu la ngazi hii, kama wengi wanavyodhani. Ni kitendo tofauti: vinaweza kutokea kati ya watu wawili ambao hawajaandikiana neno hata moja, kila mmoja akitengua kimyakimya.

Mwafaka (huandikwa pia muafaka) na maafikiano hutumika kwa makubaliano yanayotafutwa. Katika siasa za Zanzibar neno hilo lilibeba mapatano ya CCM na CUF ya mwaka 1999 na 2001, yaani hati iliyotiwa saini na pande mbili. Katika kamusi elezo hakuna hati wala saini. Mwafaka ni hali ya mjadala, unaopimwa kwa uzito wa hoja na vyanzo, na unaweza kubadilika hoja mpya zikija. Kosa la kawaida ni kuufasiri kama "kura ya wengi". Kura ya Gdańsk inakumbukwa kwa sababu si njia ya kila siku. Kuwaita marafiki waje kuongeza idadi huhesabiwa kuwa kosa, na Kiswahili kina neno lake tayari: kupiga debe. Anayefungua akaunti kadhaa ili aonekane kuwa ni watu wengi anatumia vikaragosi, neno linalotosha bila maelezo.

Kuhusu usuluhishi na uamuzi, wafasiri wafuate mgawanyo unaoonekana katika jina la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Msuluhishi husaidia pande zipatane; mwamuzi hutoa uamuzi unaozifunga. Kamati iliyoanza kazi katika Wikipedia ya Kiingereza mapema mwaka 2004 ni ya uamuzi, na huamua juu ya mwenendo wa wahariri. Haitamki jina la mji wala tahajia ya mtindi.

Katika lugha zenye wahariri wachache

Yaliyosemwa hapo juu yanachukulia kwamba wako watu wa kutosha kubishana. Agosti 2020 ilibainika kwamba maelfu ya makala katika Wikipedia ya lugha ya Scots ya Uskoti yaliandikwa na mhariri mmoja asiyeijua lugha hiyo, aliyekuwa akichukua Kiingereza na kukigeuza tahajia. Alifanya hivyo kwa miaka. Hakukuwa na vita vya uhariri, kwa sababu hakukuwa na wa kutengua. Katika Wikipedia ya Kikroatia hali ilikuwa kinyume lakini matokeo yalifanana: kundi dogo la wakabidhi lilizishika kurasa za historia, hasa za Vita vya Pili vya Dunia, na kuwazuia waliopinga, jambo lililoelezwa katika ripoti iliyotolewa na Wikimedia Foundation mwaka 2021. Utulivu wa kurasa hizo ulikuwa wa kulazimishwa.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, imo katika kundi la lugha ambazo kurasa nyingi za Majadiliano ni tupu. Mwalimu anayewatuma wanafunzi humo asiuchukulie utupu huo kuwa ni mwafaka. Sayari iliyo karibu zaidi na Jua huitwa Utaridi na wanaofuata jina lenye asili ya Kiarabu, na huitwa Zebaki na wanaofasiri jina lake la Kiingereza, ambalo ni la ile metali ya majimaji pia. Aliyesoma Kenya anaweza kuandika tarakilishi na rununu. Wa Tanzania atasoma kompyuta na simu ya mkononi, na kila mmoja atatoa kitabu cha kumtetea. Njia iliyo karibu ni ile ya Wikipedia ya Kiingereza kuhusu tahajia za Uingereza na Marekani: namna iliyotumika kwanza katika ukurasa iachwe, isipokuwa kuna sababu mahususi ya kuibadili. Jina la pili litajwe katika sentensi ya kwanza, na sababu ya uteuzi iandikwe katika Majadiliano, hata kama siku hiyo hakuna wa kujibu.

Tazama pia: kikaragosi, maafikiano, malumbano, mhariri, mwafaka, tengua, uharibifu.