Tovuti za Mashirika ya Hisani na Mifumo ya Kusimamia Maudhui

Katika miaka ya 1990, shirika la hisani lililokuwa na tovuti lilimtegemea fundi kwa karibu kila neno lililosomwa humo. Ukurasa uliandikwa kwa HTML, yaani lugha ya alama inayokielekeza kivinjari mahali pa kuweka kichwa, aya au picha, kisha faili likapandishwa kwenye seva, kompyuta inayowapelekea wasomaji kurasa hizo. Kwa kuwa maneno na sura vilikaa katika faili moja, kubadilisha nambari ya simu iliyorudiwa chini ya kila ukurasa kulimaanisha kuyafungua mafaili yote moja baada ya jingine, na katibu wa shirika, aliyejua msaada utagawiwa wapi na lini, alingoja hadi fundi apate nafasi.

Mfumo wa kusimamia maudhui ulikata utegemezi huo kwa kuyahifadhi maandishi katika hifadhidata na kuiweka sura katika kiolezo kimoja, hivi kwamba mwandishi huingia kwa nenosiri lake, hujaza fomu na kubofya kitufe cha kuchapisha, na kazi ya kuviunganisha ikabaki kwa programu. Mwezi Januari 2001 Dries Buytaert wa Ubelgiji, aliyekuwa bado mwanafunzi, alitoa Drupal, mfumo wa aina hiyo, chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuitumia programu, kuibadilisha na kuigawa. WordPress ilifuata mwaka 2003 na Joomla mwaka 2005. Kwa asasi zinazoishi kwa michango, leseni hiyo ilikuwa na uzito kuliko ustadi wowote wa kiufundi, kwani kazi iliyofanywa kwa ajili ya moja ilizifaa nyingine zote.

Jambo hilo lilidhihirika Marekani, ambako wafuasi wa Howard Dean, aliyewania uteuzi wa chama cha Democratic, waliirekebisha Drupal kwa kujitolea ili kila kikundi cha mtaani kiweze kufungua tovuti yake. Dean alijitoa Februari 2004, lakini kazi yao haikupotea: iligeuzwa kuwa CivicSpace kwa matumizi ya asasi za kiraia, na mwaka 2005 ikatokea CiviCRM, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wachangiaji na wanachama, inayopachikwa ndani ya tovuti yenyewe, kiasi kwamba mchango ukitolewa kwenye ukurasa huingia papo hapo katika daftari la shirika.

Uhuru huo, hata hivyo, ulidai matunzo ya kudumu. Jumatano ya tarehe 15 Oktoba 2014 ilitangazwa kasoro katika Drupal 7 iliyomwezesha mtu asiye na nenosiri kuiamuru hifadhidata, na wiki mbili baadaye wasimamizi wa usalama wa mradi wakaonya kwamba tovuti ambayo haikuwekewa kiraka cha kuziba kasoro hiyo ndani ya saa saba baada ya tangazo la kwanza ichukuliwe kuwa imekwisha kuvamiwa. Walishauri irejeshwe kutoka nakala ya akiba iliyotangulia siku hiyo. Shirika dogo ambalo fundi wake wa kujitolea hupatikana Jumamosi tu, na ambalo halikuweka nakala, lilibaki na njia moja ya hakika, nayo ni kuijenga tovuti upya.